Twende kwa Mwendo wa Nani?

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwa. 33:12–14, Kut. 17:10–12, Kum. 22:8, Yos. 14:10, 11, 2 Sam. 19:31–39; Mhu. 12:1–5, Zek. 8:4, 5, Yn. 21:18.

Fungu la Kukariri: Mwanzo 33:14.

SABATO MCHANA

"Mama, kaa. Usisumbuke. Kila kitu tutakuletea hapo hapo ulipo." Maneno haya husemwa katika nyumba nyingi za Wakristo, na husemwa kwa moyo mwema. Mama amekwisha kujikwaa mara mbili kizingitini. Njia ya kwenda kanisani ina mteremko na mawe, na mvua ikinyesha udongo unateleza. Basi watoto wanakubaliana: mama asiende tena sokoni, asiende tena kwa jirani, na siku ya Sabato asikilize mahubiri redioni. Mama ananyamaza. Watu wa nyumbani wanasema, "Ameelewa." Je, ameelewa, au amekata tamaa?

Amri ya tano inatuagiza kuwaheshimu baba na mama (Kut. 20:12). Wengi wetu tumeielewa amri hiyo kwa habari ya chakula, mavazi na matibabu. Lakini heshima inadai nini kwetu pale miguu ya mzee inapoanza kupungua nguvu? Tumzuie asitembee ili asiumie? Tumwache aende apendako, hata akianguka? Au iko njia ya tatu?

Swali hili si la familia peke yake. Saa za ibada, ngazi za mlangoni, urefu wa sala tunazosali tukiwa tumepiga magoti, umbali wa viwanja vya makambi: vyote hivi vimepangwa kwa kufuata mwendo wa mtu fulani. Juma hili tunajiuliza mtu huyo ni nani, na kama Maandiko yanatuelekeza kufuata mwendo mwingine.

JUMAPILI: Miguu Inapopungua Nguvu

*Soma Mhubiri 12:1–5. Ni mabadiliko gani ya mwili unayoyaona katika mafungu haya?*

Mhubiri anaueleza uzee kwa mfano wa nyumba inayochakaa. Wenye nguvu wanainama, na wafafanuzi wengi wameona kwamba hao ni miguu. Kisha katika fungu la 5 anagusa jambo ambalo vijana hawalifikirii: mzee anaogopa mahali palipoinuka, na njia yenyewe inakuwa na vitisho. Njia ni ile ile aliyoipita tangu utoto. Kilichobadilika ni mwili unaoipita.

Mabadiliko hayo huanza mapema kuliko tunavyodhani. Tangu umri wa miaka 30 hivi, mwili hupoteza takribani asilimia 3 hadi 8 ya misuli katika kila miaka kumi, na baada ya miaka 60 upotevu huo huongeza kasi. Kifundo cha mguu hakisukumi ardhi kwa nguvu kama zamani. Hatua zinakuwa fupi, nyayo zinakanyaga kwa kuachana zaidi, na muda ambao nyayo zote mbili ziko chini unakuwa mrefu, kwa maana kusimama kwa mguu mmoja kumekuwa jambo la mashaka. Mwili hujisimamisha kwa msaada wa mashahidi watatu: macho, sikio la ndani, na neva za nyayo na viungo. Katika uzee mashahidi wote watatu hufifia pamoja. Kijana akijikwaa, mguu wake unamdaka kabla hajajua kilichotokea. Mzee anajua kwamba anaanguka, ila mguu unachelewa kufika.

Hata akili hulipa gharama. Mwaka 1997 watafiti wa Sweden walieleza jambo rahisi walilolichunguza kwa wazee wa makao ya kutunzia. Walitembea nao huku wakianzisha mazungumzo. Wapo waliosimama ndipo wajibu, na wengi wa hao walianguka ndani ya miezi sita iliyofuata. Kwa kijana, kutembea hakuhitaji mawazo. Kwa mzee kunaweza kuhitaji mawazo yake yote. Kwa hiyo ukimsalimu bibi njiani naye akasimama kabisa kabla ya kukuitikia, usimwone mwenye maneno mengi. Simama naye.

Hata hivyo uzee hauwapimii watu wote kwa kipimo kimoja. Kalebu alipokuwa na miaka 85 alisema bado ana nguvu za kutoka na kuingia kama siku alipotumwa na Musa (Yos. 14:10, 11). Musa naye, ambaye nguvu zake zinasifiwa katika Kumbukumbu 34:7, alipofikia miaka 120 alikiri kwamba hawezi tena kutoka na kuingia (Kum. 31:2). Wote wawili walikuwa watumishi waaminifu, na walipita jangwa lile lile.

Hapo sisi Waadventista tuna onyo letu. Ujumbe wa afya ni zawadi, na kuutii huleta baraka kwa miguu pia. Lakini tusiugeuze kuwa fimbo ya kumpigia anayetembea kwa fimbo. Magoti yaliyochakaa kwa miaka 40 ya jembe, kiharusi, kisukari, au maradhi ya viungo si ushahidi wa imani haba.

*Ni mara ngapi umepima uaminifu wa mtu kwa afya yake? Kalebu na Musa wanakufundisha nini?*

JUMATATU: Ukuta Kando ya Paa

*Soma 1 Samweli 4:15–18. Ni mambo gani yaliyochangia kifo cha Eli?*

Waswahili husema, mwenda pole hajikwai. Methali hiyo inamsifu mtu aliyechagua kwenda pole. Yule ambaye upole wa mwendo umemjia bila kuuchagua, mambo yake ni mengine: mwendo wake unapozidi kupungua, ndivyo hatari yake ya kuanguka inavyozidi. Eli alikuwa na miaka 98, haoni, mwili wake ni mzito, tena amepokea habari ya kumvunja moyo. Alianguka kutoka kitini, wala hakuwa akitembea.

Basi hofu ya watoto si upuuzi. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba karibu theluthi moja ya watu wenye miaka 65 na zaidi huanguka angalau mara moja kila mwaka, na kwamba kuanguka huua watu wapatao 684,000 duniani kwa mwaka, wengi wao wakiwa wazee. Mfupa wa paja ukivunjika karibu na nyonga, wako wasiorudi kutembea kama zamani. Anayempenda mama yake ana haki ya kuogopa.

Swali ni hofu hiyo itupeleke wapi. *Soma Kumbukumbu 22:8.* Katika Israeli paa la nyumba lilikuwa tambarare. Watu walipanda juu kukausha mazao, kupumzika, hata kusali. Ilikuwa hatari, na mtu aliweza kuanguka akafa. Angalia sheria ya Mungu ilivyoshughulikia hatari hiyo. Haikuwakataza watu kupanda paani. Ilimwagiza mwenye nyumba ajenge ukuta wa kukinga pembezoni, na asipofanya hivyo, damu iko juu ya nyumba yake. Mzigo wa kwanza uliwekwa juu ya mjenzi, wala haukuwekwa juu ya mpandaji.

Je, sisi tunafuata mpango huo? Mara nyingi tunaanza na mwisho: tunamwambia mzee asitembee, na kizingiti tunakiacha kilivyo. Ziko sababu nyingi za kuanguka ambazo mikono yetu inaweza kuziondoa. Taa hafifu kwenye njia ya kwenda msalani. Kandambili zilizokwisha nyayo. Mkeka uliokunjamana mlangoni. Sakafu ya bafu yenye utelezi na isiyo na kitu cha kushika. Miwani iliyopitwa na macho. Dawa za presha au za usingizi zinazoleta kizunguzungu mzee anapoinuka ghafla, jambo la kumweleza daktari wala si la kujiamulia nyumbani. Kila kimoja kati ya hivyo ni ukuta kando ya paa.

*Tembea leo katika nyumba yako, ukifikiri una miaka 80. Ni wapi panapohitaji ukuta?*

JUMANNE: Kiti Kinachodhoofisha

Tuseme familia haikujenga ukuta wowote, ila imemkalisha mama kitini, na hapo wanaona wamempa usalama. Je, wamempa?

Mwaka 2007 ilichapishwa taarifa ya uchunguzi uliofanyika Marekani kwa wazee 12 wenye afya njema, wenye umri wa wastani wa miaka 67. Walikubali kulala kitandani siku 10 bila kuugua chochote. Katika siku hizo chache walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Siku 10 tu! Sasa fikiri miezi 10 ya kiti, au miaka 10. Mama aliyezuiwa kutembea ili asianguke anakuwa dhaifu zaidi, na siku atakapoinuka mwenyewe usiku kwenda msalani, maana siku hiyo haikosi kufika, ataanguka kwa urahisi zaidi. Kiti kilichowekwa kuzuia kuanguka kimekuwa kikikuandaa.

Kinyume chake pia kimeonekana. Mwaka 1990 watafiti wa Boston walieleza habari za wazee 10 dhaifu wa makao ya kutunzia, wenye umri wa wastani wa miaka 90. Walifanyishwa mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu kwa majuma nane chini ya uangalizi. Nguvu za misuli ya mapaja za wale waliomaliza ziliongezeka kwa wastani wa zaidi ya mara mbili. Muumba aliweka katika mwili wa binadamu uwezo wa kuitikia kazi, na hakuuondoa hata katika miaka 90. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kujisawazisha siku tatu au zaidi kwa juma, kwa kadiri wanavyoweza. Hayahitaji mashine. Kuinuka kitini na kuketi tena mara kadhaa, kusimama kwa mguu mmoja huku umeshika meza, kutembea uani na mtu ubavuni: hayo yanatosha kuanzia.

Hata hivyo tusiishie hapo. Tukisema mzee atembee kwa sababu tu kutembea ni dawa, tutakuwa tumempa amri nyingine mahali pa ile ya kwanza. Jana tulimwambia "kaa". Leo tunamwambia "inuka". Bado sisi ndio waamuzi.

Katika Biblia, kutoka na kuingia ni namna ya kutaja maisha yote ya mtu: kazi yake, utumishi wake, nafasi yake kati ya watu. Zaburi 121:8 inasema juu ya Bwana anayelinda kutoka kwetu na kuingia kwetu. Mama anapokwenda kanisani kwa miguu yake, njiani anasalimu, anapita kumjulia hali mgonjwa, anachagua aketi na nani, anaibeba sadaka yake mkononi mwake. Akiletewa kila kitu hapo alipo, anapokea tu. Hana tena nafasi ya kutoa.

*Ukikatazwa leo kutoka nje ya uzio wa nyumba yako, ni huduma gani kwa wengine ungekuwa umenyimwa?*

JUMATANO: Barzilai Alisema Hapana

*Soma 2 Samweli 19:31–39. Daudi alimpa Barzilai nini, naye Barzilai alijibu nini?*

Barzilai alikuwa na miaka 80, tena tajiri, na ndiye aliyemlisha mfalme kule Mahanaimu. Daudi alitaka kulipa wema kwa wema: njoo Yerusalemu, nitakutunza. Kwa kipimo chochote ulikuwa mpango bora. Mzee angepata chakula cha mfalme na watumishi wa kumhudumia. Lakini Barzilai alijua mwili wake na alijua anachokitaka. Alisema hawezi tena kufurahia chakula wala sauti za waimbaji, hataki kuwa mzigo, na anataka kufa katika mji wake, karibu na kaburi la baba yake na mama yake. Alikubali kwenda na mfalme mwendo kidogo tu ng'ambo ya Yordani.

Daudi alikuwa mfalme, angeweza kuamuru. Angeweza kusema, "Mzee hajui linalomfaa." Hakusema hivyo. Alimbusu, akambariki, akamwacha arudi mahali pake. Heshima kwa wazee ina sura hii pia: kukubali "hapana" yao, hata pale tunapoona mpango wetu ni mwema kuliko wao.

Bwana Yesu alimwambia Petro kwamba katika uzee wake atanyosha mikono, na mwingine atamfunga na kumpeleka asikotaka (Yn. 21:18). Yohana anatueleza kwamba neno hilo lilihusu kifo ambacho Petro angemtukuza Mungu kwacho. Lakini angalia namna Bwana alivyoutaja uchungu wa jambo hilo: kijana hujifunga mwenyewe na kwenda anakotaka, na mzee anapelekwa asikotaka. Yesu hakusema ni jambo dogo. Wanaofanya kazi ya kuwafunga na kuwapeleka wengine hawapaswi kuliona kuwa dogo.

Je, "hapana" ya mzee ni neno la mwisho siku zote? La. Yuko mzee ambaye ugonjwa umeondoa kumbukumbu yake, naye anatoka usiku kuelekea barabara kuu akitafuta nyumba iliyobomolewa miaka 30 iliyopita. Kumshika mkono na kumrudisha ni upendo. Lakini kabla hatujamzuia mzee yeyote, na tujiulize maswali matatu. Je, tunamkinga yeye, au tunaukinga usingizi wetu? Je, tumekwisha kujenga ukuta kando ya paa? Je, tumemuuliza yeye, tukakaa, tukasikiliza?

Na kuna kosa la upande wa pili, lililo baya vilevile. Wengine husema, "Baba ameamua mwenyewe kubaki kijijini, tunaheshimu uhuru wake," na kumbe hakuna aliyemkaribisha. Hapana ya Barzilai ilikuwa ya kweli kwa sababu mwaliko wa Daudi ulikuwa wa kweli. Mzee asiyepewa mahali pa kwenda hakuchagua kubaki; ameachwa. Tusiite kutelekeza kwa jina la uhuru.

*Je, kuna mzee katika familia yako ambaye "uamuzi wake" haukutanguliwa na mwaliko wowote?*

ALHAMISI: Kwa Mwendo wa Kundi na Watoto

*Soma Mwanzo 33:12–14. Yakobo alitoa sababu gani za kukataa kwenda sambamba na Esau?*

Esau alikuja na watu 400, akasema, twende pamoja. Yakobo akaeleza: watoto ni wadogo, na kundi lina wanyama wanyonyeshao, wakikimbizwa siku moja tu watakufa. Bwana wangu na atangulie. Mimi nitakwenda polepole kwa kadiri ya mwendo wa kundi na watoto. Hakuwaacha wanyonge nyuma ili awahi, wala hakuwakataza kusafiri kwa kuwa njia ni ngumu. Safari iliendelea, na wote walikuwamo, ila mwendo ulipimwa kwa yule aliye dhaifu kuliko wote.

Tena aliyesema maneno hayo alikuwa mwenyewe akichechemea. Alikuwa ametoka Penieli, na nyonga yake imeteguka (Mwa. 32:31). Mguu ulioguswa na Mungu ulikuwa umekwisha kumfundisha kwenda polepole. Ndiyo njia ya tatu tuliyoitafuta tangu Sabato: mzee asikalishwe, wala asiachwe aende peke yake, bali sisi tupunguze mwendo wetu tuende naye.

Dunia haikupangwa hivyo. Nchini Uingereza taa za kuvukia barabara ziliwekwa kwa kudhani kwamba mtu hutembea mita 1.2 kwa sekunde. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kati ya watu wa miaka 65 na zaidi nchini humo, wanaume 84 katika kila 100, na wanawake 94 katika kila 100, walitembea chini ya kasi hiyo. Hakuna mtu aliyewachukia wazee hao. Mpangaji wa taa alifikiria miguu ya namna moja, basi.

Kanisa nalo linaweza kufanya hivyo bila chuki yoyote. Katika Tanzania kazi yetu ilianzia milima ya Upare mwaka 1903, na hadi leo makanisa mengi ya milimani hufikiwa kwa njia za mteremko. Kushuka huchosha mapaja na magoti ya mzee kama kupanda, wakati mwingine kuliko kupanda. Je, yuko shemasi anayejua ni nani anayeshuka peke yake? Kiongozi anaposema "tupige magoti", je, anaongeza kwamba asiyeweza aketi bila aibu? Je, ngazi zetu zina mahali pa kushika? Mambo ya Walawi 19:32 inamwagiza kijana asimame mbele ya mwenye mvi. Ni agizo lenye busara nyingi: yule ambaye kusimama ni rahisi kwake ndiye anayeinuka kwa ajili ya yule ambaye kusimama ni kugumu kwake.

Namna ya kusaidia nayo ina mfano wake. *Soma Kutoka 17:10–12.* Mikono ya Musa ilipokuwa mizito, Haruni na Huri hawakumnyang'anya kazi. Waliweka jiwe aketi, wakaitegemeza mikono yake, huyu upande huu na huyu upande huu. Mikono iliyoinuliwa ilibaki kuwa ya Musa. Ukimsaidia babu kutembea, usimburute kwa kumshika kwapani kama mzigo. Mpe mkono wako aushike yeye, naye aongoze hatua.

Kila robo tunatawadhana miguu. Huduma hiyo inatuambia jambo ambalo lugha yetu imelisema tangu zamani, kwa maana inasemwa kwamba shikamoo kwa asili yake ni "nashika miguu yako". Tunawaamkia wazee kwa midomo kila siku. Katika Huduma ya Unyenyekevu tunaishika miguu hiyo kwa mikono, yenye mipasuko, iliyovimba, iliyopinda vidole. Na mzee asiyeweza kuinama kumwosha mwenzake asiketishwe pembeni kama mtazamaji. Beseni na liinuliwe juu ya kigoda, ili naye aoshe.

*Ni badiliko gani moja ambalo kanisa lako linaweza kulifanya kabla ya mwisho wa robo hii, ili liende kwa mwendo wa walio dhaifu?*

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Sabato ya tarehe 13 Februari 1915, Ellen White alianguka alipokuwa akiingia katika chumba chake cha kusomea, nyumbani kwake Elmshaven, karibu na St. Helena, California. Picha ya eksirei ilionyesha kwamba mfupa umevunjika kwenye nyonga ya kushoto. Alikuwa na miaka 87. Aliishi miezi mitano zaidi, akihudumiwa na walio karibu naye, akafariki Ijumaa tarehe 16 Julai mwaka huo huo. Mtu aliyesafiri Marekani, Ulaya na Australia kwa ajili ya kazi ya Mungu alimaliza safari yake akitegemea mikono ya wengine. Hakuna anayesoma habari hiyo akahesabu kwamba thamani yake ilipungua siku ile alipoanguka. Basi tusihesabu hivyo kwa mzee wa nyumbani kwetu ambaye jina lake halikuandikwa vitabuni.

Soma pia Isaya 46:1–4. Sanamu za Babeli hubebwa juu ya wanyama waliochoka. Mungu wa Yakobo ndiye abebaye, tangu tumboni hadi mvi. Tena soma Zekaria 8:4, 5, uone nabii anavyouchora mji uliorejeshwa na Bwana. Ndani yake wamo wazee wanaume kwa wanawake, kila mmoja na mkongojo wake mkononi kwa sababu ya wingi wa siku zake, na katika njia zile zile wavulana na wasichana wanacheza. Mungu hakusema kwanza atawaficha wenye mikongojo ndani ya nyumba ili mji upendeze. Kuwapo kwao njiani ndiyo dalili kwamba mji una amani. Siku itakuja ambapo hakutakuwa na mkongojo hata mmoja. Hata siku hiyo ifike, mji unaomcha Mungu utajulikana kwa kutazama njiani, kama wazee wamo.

Maswali ya Kujadili:

1. Mzee wa miaka 82 ameanguka mara moja, hakuumia. Anataka kuendelea kwenda kanisani kwa miguu. Watoto wake wanakataa. Darasa lenu lingemshauri nini kila upande? Mtumie Kumbukumbu 22:8 na habari ya Barzilai.

2. Ni wakati gani kumzuia mzee ni upendo, na ni wakati gani ni kujipunguzia sisi taabu? Tunawezaje kutofautisha?

3. Watoto wengi wanaishi mbali na wazazi wao, mijini au ng'ambo, na hutuma fedha kila mwezi. Je, fedha zinaweza kuchukua nafasi ya mtu wa kutembea naye? Kanisa la mahali linaweza kujaza pengo gani?

4. Wale mlio wazee katika darasa hili: ni msaada gani mnaopewa ambao mngependa upunguzwe, na ni upi msiopewa ambao mngependa kuuomba? Wengine wote na wasikilize bila kujibu.

5. Baada ya ibada, mtazame yule atokaye kanisani wa mwisho kwa sababu ya miguu yake. Ni nani atakayetoka naye Sabato hii, kwa mwendo wake?